Kabla Hatujauza Kiwanja: Watoto Wetu na Udaktari wa Kanada



Ndugu wasomaji, kila mwaka matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yakishatoka, kuna swali moja ambalo hatulikosi. Mzazi anatujia baada ya swala ya Alasiri, au anatuma ujumbe kutoka Buyenzi, Nyamirambo au Kadutu: mtoto amefaulu vizuri sana masomo ya sayansi, ana shangazi yake Kanada, familia iko tayari kuuza kiwanja, sasa waanzie wapi ili akasomee udaktari huko? Tumelijibu swali hili kwa mdomo mara nyingi. Safari hii tunaliandika, kwa sababu viwanja vinauzwa na hao madaktari hatuwaoni.

Jibu letu ni hili, na tunaomba lisomwe mpaka mwisho kabla ya kutukasirikia. Mtoto anayeondoka huku na viza ya mwanafunzi kwa nia ya kuingia chuo cha udaktari cha Kanada anakwenda kupanga foleni mbele ya mlango ambao, kwa mtu mwenye karatasi kama zake, karibu kote umefungwa. Alama zake haziusogezi. Na yule ambaye tayari yuko kule, mwenye uraia au ukaazi wa kudumu, mlango wake uko wazi lakini ni mwembamba mno, na sisi tuliobaki nyumbani tunachangia kumzuia asipite. Hili la pili wengi hawapendi kulisikia. Tutalifikia.

Tuanze na namna mambo yalivyo, maana wengi tunalinganisha na huku kwetu. Hapa, awe ni wa Bujumbura, Bukavu au Makerere, kijana akimaliza sekondari na alama nzuri huingia moja kwa moja kitivo cha udaktari. Kanada haiko hivyo, ukiacha jimbo la Quebec ambalo tutalisema peke yake. Kule mtoto husoma kwanza shahada nyingine, kwa kawaida miaka 3 au 4. Inaweza kuwa biolojia, saikolojia, uuguzi, hata historia. Ndipo anaomba chuo cha udaktari, ambacho ni miaka 4 mingine, isipokuwa vyuo vichache kama McMaster na Calgary ambako ni 3. Akihitimu bado hajawa daktari wa kujitegemea. Anakwenda hospitali kufanya mafunzo ya miaka 2 akitaka kuwa daktari wa familia, na 5 au zaidi kwa ubingwa wa aina nyingi. Kwa hiyo mzazi anayelipa ada ya mwaka wa kwanza wa biolojia amenunua mwaka wa kwanza wa biolojia, basi. Mawakala huiita shahada hiyo "maandalizi ya udaktari", na jina hilo limeuza viwanja vingi. Ukweli ni kwamba chuo kinachofundisha biolojia hakina ahadi yoyote na chuo cha udaktari, hata kama majengo yao yanatazamana.

Sasa tuhesabu nafasi. Kwa miaka mingi Kanada ilikuwa na vitivo vya udaktari 17 tu kwa nchi nzima. Mwaka 2025 vilianza kuongezeka: Toronto Metropolitan University ilifungua chuo chake mjini Brampton kwa wanafunzi 94, na jimbo dogo la Prince Edward Island nalo likaanza kufundisha madaktari. Simon Fraser kilipanga kupokea wanafunzi wake wa kwanza mjini Surrey mwaka 2026. Hata hivyo, ukijumlisha nafasi zote za mwaka wa kwanza utapata kama 3,000 hivi, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 41. Katika kila waombaji watano, anayepata mahali popote pale ni takriban mmoja. Na hao watano si watu ovyo. Ni waliokuwa wa kwanza madarasani mwao, waliokaa miaka minne wakijiandaa, wengi wao wakiomba kwa mara ya pili au ya tatu. Chuo Kikuu cha Toronto huandika kwamba kinakubali maombi kuanzia wastani wa 3.6 kati ya 4, lakini wanaoingia wengi wako karibu na 3.9 na kitu.

Utauliza, kwani Kanada haina shida ya madaktari? Inayo, tena kubwa. Uchunguzi uliofanywa huko mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 6 hawana daktari wa familia. Waliolala kwenye viti vya dharura usiku kucha wakisubiri kuonwa wanajua. Iweje basi nchi yenye upungufu iwafukuze vijana wenye uwezo?

Sababu ni kwamba kila nafasi inalipiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya jimbo, na serikali ndiyo inayoamua idadi yake. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa uchumi wa afya, Morris Barer na Greg Stoddart, waliwaandikia mawaziri wa afya ripoti ndefu yenye mapendekezo mengi ya kupanga upya kazi ya udaktari. Mwaka uliofuata mawaziri wakalichukua lile lililokuwa rahisi kwao, la kupunguza nafasi za vyuo kwa asilimia 10, na mengi ya yaliyobaki wakayaacha. Kufikia mwaka 1997 waliokuwa wakiingia mwaka wa kwanza nchi nzima hawakufika 1,600. Baadaye wakashtuka wakaanza kuongeza, lakini daktari haoti kama mchicha, na watu waliendelea kuongezeka na kuzeeka. Tunaieleza historia hii kwa sababu mtoto akikataliwa, tunaanza kumtazama yeye. Alilala? Alikuwa na marafiki wabaya? Huenda hakufanya kosa lolote. Huenda alikuwa wa mia moja na kumi mahali palipokuwa na viti mia.

Na kuna chuo kimoja ambacho hatimaye kimelisema hili waziwazi, nasi tunakipongeza. Queen's, mjini Kingston, kilitangaza mwaka 2024 kwamba wanaofikisha viwango vilivyowekwa vya alama na mitihani wataingizwa kwenye kura, na kura ndiyo itakayoamua nani aitwe kwenye usaili. Kelele zilipigwa. Watu walisema ni kucheza bahati nasibu na maisha ya watu. (Ndugu mmoja alituuliza kama kuingia kwenye kura hiyo ni kamari. Si kamari. Kamari ni mali kushindaniwa mali, na kura ya kuchagua baina ya wenye haki sawa inajulikana katika vitabu vya fiqhi tangu zamani.) Sisi tunaona kura ile ina uaminifu kuliko mzani unaojidai kupima tofauti kati ya 3.94 na 3.95. Mtoto aliyekosa kwa kura anajua amekosa kwa kura. Aliyekosa kwa alama ya pili baada ya nukta hukaa miaka akidhani yeye ni mjinga.

Tuje kwenye karatasi, maana hapa ndipo familia zinapoumia. Vyuo vingi vya udaktari vya Kanada havipokei mwanafunzi wa kigeni kabisa. Vichache vilivyokuwa vikipokea vilikuwa na viti vya kuhesabika kwa vidole. Oktoba 2024 serikali ya Ontario, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, ilitangaza kwamba kuanzia muhula wa mwisho wa mwaka 2026, asilimia 95 ya nafasi za udaktari zitakuwa za wakaazi wa Ontario, zilizobaki za Wakanada wa majimbo mengine, na wageni hawatapokelewa. Majimbo mengine nayo yana desturi ya kuweka sehemu kubwa ya nafasi kwa watoto wao.

Fikirini maana yake. Mtoto wa tajiri wa Bujumbura mwenye viza ya mwanafunzi na ada ya miaka minne benki hana ruhusa ya kuomba. Mtoto wa mkimbizi aliyepelekwa Winnipeg kutoka kambi ya Nyarugusu, aliyefika bila hata koti la baridi, anayo ruhusa, kwa sababu wakimbizi wanaochukuliwa na Kanada kutoka makambini hupewa ukaazi wa kudumu wanapoingia. Pesa haikumsaidia yule, na umaskini haukumzuia huyu. Tumewaona watu wazima wakikataa kuliamini hili mpaka wasomewe mara mbili.

Tunamjua kijana wa mtaa wetu, hatutamtaja, ambaye baba yake aliuza nyumba ya kupangisha ili asomee hiyo biolojia. Alisoma vizuri. Mwaka wa tatu ndipo alipofungua fomu ya maombi akakuta swali la uraia na ukaazi. Hakuna aliyemwambia kabla, si wakala, si mjomba. Leo ni fundi wa maabara, ana kazi ya halali, anasaidia wadogo zake, Alhamdulillah. Lakini nyumbani bado wanamwita "aliyeshindwa udaktari", na nyumba haikurudi.

Sasa yule aliye ndani, mwenye karatasi zake. Anatakiwa nini? Alama tumeshasema. Vyuo vingi hudai pia mtihani uitwao MCAT, ambao ukijumlisha na mapumziko humaliza siku nzima ya saa saba na nusu. Una sehemu nne, na moja kati ya hizo haina sayansi ndani yake: ni kusoma vifungu virefu vya Kiingereza vya falsafa, sanaa na jamii na kuvijibu haraka. McMaster hutazama sehemu hiyo peke yake. Hapo mtoto aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka 13 hujikwaa hata kama kemia anaijua kama Alfatiha, na dawa yake ni kusoma magazeti na vitabu vizito miaka mingi kabla, wala si kozi ya wiki sita. Kisha kuna mtihani wa CASPer, unaopima busara ya mtu katika mambo ya kazi na ya watu. Kuna usaili wa vyumba vingi, ambao nao ulianzia McMaster: mwombaji huingia chumba baada ya chumba, dakika chache kila kimoja, anapewa tatizo na kuzungumza. Watoto wetu wengine huangukia hapo kwa adabu. Wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na kule ukinyamaza huandikwa kwamba huna la kusema. Mzazi anayemruhusu mtoto amweleze kwa heshima kwa nini hakubaliani naye anamfundisha usaili bure.

Tena Ontario hudai orodha ya shughuli zote za mwombaji tangu alipotimiza miaka 16, mpaka shughuli 32, na watu watatu wa kumshuhudia. Mtoto wa daktari huandika utafiti wa maabara, kujitolea hospitalini, piano. Watoto wetu huacha nafasi tupu wakidhani hawana la kuandika. Anayemkalimania bibi yake kila akienda hospitali, anayewafundisha watoto wadogo msikitini Jumamosi, anayelea wadogo watatu mama akiwa kazini, huyo ana ya kuandika, na ayaandike. Tunasisitiza hili kwa kuwa tumesikia vijana wakisema waliona haya.

Suala la rangi nalo lipo, na si la kubuni. Queen's hiyohiyo tuliyoisifu kwa kura ilipitisha mwaka 1918 azimio la kuwazuia wanafunzi weusi kusoma udaktari, na azimio hilo halikufutwa rasmi mpaka 2018. Mwaka 2016 Chika Oriuwa aliingia Chuo Kikuu cha Toronto akiwa mwanafunzi mweusi pekee katika darasa la watu 259. Mwaka 2020 akahitimu na kuteuliwa kuzungumza kwa niaba ya wenzake. Kati ya miaka hiyo chuo kilianzisha njia ya maombi kwa wanafunzi weusi: alama zinazotakiwa ni zilezile, ila maombi husomwa na watu wakiwemo madaktari na wanajamii weusi. Mwaka huo wa 2020 waliingia 24. Alama hazikushushwa na idadi ikapanda kutoka mmoja hadi 24. Kila mtu na atafakari mwenyewe kilichokuwa kikiwazuia.

Sasa lile tuliloahidi. Alama za mwaka wa kwanza wa shahada ya kwanza huingia katika wastani wa vyuo vingi. Vipo vinavyosamehe kidogo: Ottawa kwa muda mrefu kimeipa miaka ya karibuni uzito zaidi, na Western hutazama miaka miwili bora. Lakini vyuo kadhaa hutaka mwanafunzi awe amechukua masomo kamili, bila kupunguza, na hapo hakuna utani. Basi mchukueni kijana wa miaka 18, mtoto wa kwanza wa familia iliyofika Edmonton miaka minne iliyopita. Asubuhi yuko darasani. Saa nne usiku anaingia zamu kwenye ghala, anabeba maboksi mpaka alfajiri. Kwa nini? Kodi ya nyumba kidogo. Simu zetu zaidi.

Tusidanganyane, ndugu zetu. Ijumaa jioni simu ngapi zinapigwa kutoka huku kwenda kule? Harusi ya binamu. Arobaini. Paa la nyumba ya babu. Simu ya mkononi ya mdogo wake ambayo imepasuka kioo. Kila jambo peke yake lina haki yake, na kuunga udugu ni wajibu, hatusemi vinginevyo. Lakini dola 100 zinazotoka mfukoni mwa mwanafunzi ni saa sita au saba za ghala, na saa hizo zimetoka kwenye kemia. Anapata B mahali alipopaswa kupata A. B mbili tatu za mwaka wa kwanza, ambazo kwingine zingekuwa alama za kujivunia, humtoa mtu kwenye hesabu ya vyuo kadhaa kabla hajafika mwaka wa pili. Halafu miaka minne baadaye tunaulizana kwa nini watoto wa wenzetu wanaingia na wetu hawaingii.

Rai yetu, na tunajua itapingwa: mwanafunzi wa chuo asiombwe pesa. Si shilingi, si franki, si dola. Familia ikae, mkubwa wa ukoo atamke mbele ya wote kwamba fulani yuko masomoni, mpaka amalize shahada ya kwanza jina lake halimo kwenye michango. Akitaka kutuma mwenyewe, mkubwa huyohuyo amrudishie mara ya kwanza ili ajue tunamaanisha. Wapo watakaosema amekuwa Mzungu, amesahau alikotoka. Hao wajibiwe na wazee, asiachiwe kijana ajitetee kwenye simu usiku wa mtihani. Kama ukoo unaweza kuchanga kwa ajili ya mazishi ya mtu ambaye hatarudi, unaweza kuacha kumchangisha mtu mmoja kwa miaka minne.

Mama na baba walioko kule nao tuna neno nao. Usihamishe familia ovyo. Mkaazi wa Manitoba au Saskatchewan ana nafasi zilizotengewa watoto wa jimbo lake, na waombaji wa huko ni wachache kuliko Toronto. Familia nyingi zinahama kufuata jamaa na msikiti mkubwa, jambo linaloeleweka, lakini zihame zikijua kwamba mtoto wa mwaka wa tatu anaweza kupoteza haki ya jimbo moja kabla hajaipata ya jingine. Sharti la ukaazi hutofautiana baina ya majimbo, na liko kwenye kurasa za vyuo vyenyewe.

Ama kuhusu Quebec na lugha ya Kifaransa, hapa sisi wa Burundi na Kongo tuna kitu ambacho ndugu zetu wa Nairobi hawana. Laval, Montréal na Sherbrooke hufundisha udaktari kwa Kifaransa na havidai MCAT. Mtoto mwenye karatasi aliyesoma chuo cha kati cha Quebec, kile wanachokiita CEGEP, anaweza kuomba udaktari bila kumaliza shahada nyingine kwanza. Kinachohesabiwa ni alama ya CEGEP inayoitwa "cote R", na inatakiwa iwe juu sana. Ottawa nacho kina mkondo wa Kifaransa na hakidai MCAT. Wenye Kifaransa walioko New Brunswick husomea palepale Moncton, kwa programu ya Sherbrooke iliyoanza huko mwaka 2006. Tunasikia watoto wa Bukavu na Bujumbura wakifika Ontario wanakiacha Kifaransa ndani ya miaka miwili kwa kuona ni lugha ya nyumbani tu. Wazazi, kishikilieni. Kile Kifaransa cha shule ya msingi ya Buyenzi ni mlango wa pili, na wenye kuugonga ni wachache.

Kuna njia ya uchochoroni ambayo mawakala wameigeukia: mtoto asiyeingia Kanada apelekwe visiwa vya Karibi, au Ulaya ya Mashariki, akasomee udaktari huko, kisha arudi Kanada kufanya kazi. Vyuo vingine vya huko ni vya kweli na vimetoa madaktari wazuri. Tatizo ni kurudi. Aliyesoma nje ya nchi hushindania nafasi chache za mafunzo ya hospitali zilizotengwa kwa waliosoma nje, baada ya mitihani yake miwili, na hata raia wa Kanada aliyezaliwa Toronto akisoma nje huwekwa kwenye foleni hiyohiyo. Akipata Ontario hutia saini kufanya kazi mahali palipopangwa kwa miaka 5. Asipopata, ana shahada ya udaktari, deni kubwa, na hana ruhusa ya kumtibu mtu. Kwa hiyo kabla ya kulipa, chuo hicho kitafutwe katika orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, na itazamwe kama kina alama ya kukubalika na Kanada. Ni kazi ya dakika kumi kwenye intaneti, na hailipiwi.

Deni tumelitaja, basi tuseme na la riba, maana tunaulizwa. Ada ya udaktari Ontario hupita dola 20,000 za Kanada kwa mwaka. Mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu ya Kanada iliondolewa riba moja kwa moja tangu Aprili 2023, na hiyo ni nafuu kubwa kwa Muislamu. Sehemu ya jimbo hutofautiana, iulizwe. Lakini mabenki humfuata mwanafunzi wa udaktari wiki aliyopokelewa wakimpa mkopo mnono, na huo una riba. Kijana asiingie humo kwa upweke. Wapo masheikh wa kuulizwa, na zipo ruzuku za vyuo ambazo hazirudishwi na ambazo watoto wetu hawaziombi kwa kuwa fomu zake ni ndefu.

Je, mwenye akili ya udaktari aliyebaki huku afanyeje? Asome udaktari huku. Makerere inafundisha tangu 1924. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda nacho kina kitivo cha udaktari mjini Kampala. Miaka 5 na mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini, na kijana wa miaka 25 anamtibu mama yako. Mwenzake wa Kanada katika umri huo, kama amebahatika, yuko katikati ya masomo. Tunajua Kampala haina sifa ya Kanada kwenye harusi. Lakini kiwanja kimoja kinaweza kumfikisha mtoto mwisho, na hospitali zetu zinamngoja.

Na kwa walio kule waliokataliwa: waliosomea uuguzi, ufamasia, maabara na picha za mionzi wanafanya kazi ambazo Kanada inazitafuta, na baadhi yao waliomba udaktari tena wakiwa na miaka 28 au 30 wakaingia. Vyuo havina sharti la kuwa kijana. Anayetaka kujaribu tena ajaribu, na asiyetaka aachwe apumzike, asiulizwe kila Iddi.

Wazazi wenye barua za vyuo mikononi, kabla ya kulipa chochote, tunakaa Jumamosi baada ya swala ya Adhuhuri katika chumba cha madrasa. Leteni barua yenyewe pamoja na karatasi za ukaazi za huyo ndugu aliyeko kule, si picha ya simu. Maombi ya Ontario hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, na MCAT lazima iwe imeshafanywa kabla yake, kwa hiyo mwenye mtoto wa kuomba mwaka huu asingoje Ramadhani ipite ndipo aanze kuuliza.

Wabillahi Tawfiq.